Mtini Uliomkoholea Micah

Jumamosi asubuhi Jepkemei alikuwa amepiga magoti sebuleni, katika fleti yake ya Section 58 mjini Nakuru, akiupa mti wake mbolea. Alianza na maji matupu, kwa sababu mizizi mikavu ikipewa mbolea huungua. Kisha akamimina mbolea aliyoizimua kwenye jagi, polepole, akiuzunguka mtungi wa maua mpaka maji yakachungulia kwenye sahani ya chini.

Ulikuwa mtini wa kupandwa ndani ya nyumba, ule wenye majani makubwa yaliyobanwa kiunoni kama fidla. Aliununua kwa Gedion, muuza miche wa kando ya barabara pale Pipeline, na tangu mvua za Aprili haukuwa umetoa jani hata moja. Ulisimama tu karibu na dirisha kama mgeni ambaye hajakaribishwa kiti.

"Hiyo kitu iko na njaa," Gedion alimwambia alipoenda kulalamika. "Watu hudhani ni fanicha, madam. Lakini inakula."

Mbolea aliipata kazini. Jepkemei alisimamia maslahi ya wafanyakazi katika shamba moja la maua upande wa Subukia, na mbolea ya maji ya kulishia mawaridi ilichanganywa huko nyuma ya stoo, kwenye mapipa ya buluu. Aliyemjazia chupa alikuwa Micah Kipsang, mpulizaji dawa. Kazi ya Micah ilikuwa kuingia grinihausi na bomba mgongoni wachumaji wakiwa nje, na akimaliza, kuchanganya mbolea. Alijifunga leso usoni, maana barakoa zilikuwa zimeagizwa, na zilikuwa zimeagizwa tangu siku alipoajiriwa. Akiwa anamimina, kikohozi kilimshika naye akakohoa juu ya mdomo wa chupa: mara mbili kwa ufupi, mara moja kwa urefu, na mwishoni mluzi mwembamba kama wa birika linalokaribia kuchemka.

"Pole," Jepkemei alisema.

"Ni baridi tu, madam." Baridi ndilo neno ambalo meneja alikuwa amewapendekezea.

Kabla wiki haijaisha, mtini ulichomoza jani jipya, linang'aa kana kwamba limepakwa mafuta. Jioni hiyohiyo, Jepkemei akikata sukuma wiki jikoni, mti ulikohoa. Mara mbili kwa ufupi, mara moja kwa urefu, kisha mluzi.

Alinawa mikono, akaenda kufunga dirisha. Mti ukakohoa tena. Jani jipya lilitikisika, yale mengine yakatulia. Jepkemei alitaka kujua hewa ilikuwa inaingilia wapi na kutokea wapi, kwa hiyo akainama, akaweka sikio kwenye shina. Ndani kulikuwa na mkwaruzo, kama mtu anayeburura kiti ghorofa ya chini.

Wangare, aliyekaa ghorofa hiyo ya chini, alipanda kuuliza kama kuna mgonjwa. Alioneshwa mti.

"Unaupatia maji ya mfereji?" aliuliza.

"Ndiyo."

"Pasha kidogo. Maji ya hapa ni baridi sana."

Jepkemei aliyapasha. Mti uliendelea kukohoa.

Jumatatu alimkuta Micah kwenye lango la shamba, bomba mgongoni, anapumua kama watu wengine.

"Nimelala, madam," Micah alisema. "Nimelala mpaka mke wangu Chepngeno akaniamsha aone kama niko hai."

Jepkemei alifikiri kidogo. "Kikohozi chako kiko kwangu."

Micah alishusha bomba. "Hakikusumbui?"

"Hapana. Kinaanza jua likizama."

"Ee," Micah alisema. "Hiyo ndiyo saa yake."

Jumapili alasiri alikuja na mkewe Chepngeno. Walileta maziwa ya mursik kwenye kibuyu na fungu la mboga za managu. Chepngeno hakuketi alikooneshwa. Alisogeza kigoda karibu na mti, akangoja. Mti ulipokohoa, aliinua mkono na kuupigapiga shina kwa nyuma, pale ambapo mtu angekuwa na mabega.

"Ni chenyewe," alisema. "Huo mluzi nimelala nao tangu tuhamie huko shambani." Akaangalia dirisha, kisha pazia. "Kiko mahali pazuri. Kwetu kuna moshi."

Micah aliusikiliza akiwa ameinamisha kichwa, kama mtu anayesikia sauti yake mwenyewe kwenye simu. "Sikujua ni kikubwa hivyo," alisema.

Jepkemei alikuwa mtu wa kutaka kujua, na hakuliacha jambo hilo hapo. Aliupa mti maji matupu: mti ukanyamaza, na katikati ya wiki Micah akaonekana ameshika nguzo ya lango akikohoa. Akaupa mbolea ya dukani: jani likatoka, lakini bubu, na Micah akazidi kukohoa. Akarudia ile ya pipa la buluu, na mti ukakichukua kikohozi tena. Alifurahi kama mtu aliyegundua kufuli linafunguka upande gani.

Lakini majani yalianza kuwa na kingo za kahawia, na juu ya udongo ukatanda ukoko mweupe wa chumvi. Alimwonesha Gedion picha.

"Unaulisha kupita kiasi," Gedion alisema. "Suuza udongo, halafu usiupatie kitu. Huu mti unataka kupumzika."

"Ukipumzika, kuna mtu atakohoa."

Gedion alikuna kidevu. "Basi huyo mtu ndiye anafaa kupumzika."

Jepkemei aliona neno hilo ni la haki, akalipeleka kwa meneja, Bwana Muiruri. Aliomba barakoa kwa wapulizaji wote, na likizo ya matibabu kwa Micah. Alieleza habari ya mti bila kuficha. Muiruri naye alikuwa mtu wa kutaka kujua. Akitoka kazini alipitia Section 58, akaketi sebuleni na kikombe cha chai. Mti ulikohoa. Alisogea karibu, akausikiliza mpaka mwisho wa mluzi.

"Unahitaji jua nyingi?" aliuliza.

"Mwanga, boss. Si jua kali."

"Na kikohozi ni cha Micah kabisa? Si cha mtu mwingine?"

"Ni chake."

Kesho yake alimtuma Micah kwa daktari. Kifua kilikutwa safi kama sufuria iliyosuguliwa kwa jivu. Muiruri alisema mtu mwenye afya hatibiwi, na ombi la likizo likaishia hapo. Kisha akaagiza mitini, mmoja kwa kila mpulizaji.

"Boss, miti inaungua," Jepkemei alimwambia. "Haikai."

"Tutanunua mingine. Maski zinawawasha, wanazitoa. Mti hautoki pale ulipo." Alimtazama kwa upole. "Umefanya kazi nzuri, madam. Hata mimi singefikiria."

Jioni hiyo, akirudi Nakuru, Jepkemei aliyarudia mazungumzo hayo tangu mwanzo. Alikuwa amempelekea Muiruri ushahidi, naye Muiruri ameupokea kama dawa. Alitafuta pale alipopaswa kunyamaza, hakupapata. Alijua pia kwamba Micah alilala vizuri, na jambo hilo hakuweza kulichukia.

Gedion alileta miti kwa pikapu, akaipanga kwenye ujia wa jengo la kufungashia maua. Ule wa sebuleni nao ukaletwa, ukawekwa wa kwanza, kisha kila mpulizaji akaumiminia wake mbolea ya pipa la buluu. Jua likizama ilikohoa kwa zamu, halafu yote pamoja. Kikohozi cha mpulizaji Kigen kilikuwa kikavu, cha mwenzake Maxwel kilikuwa na maji ndani yake. Wake zao walipopita kutoka kuchuma walisimama, kila mmoja mbele ya mti wake, kisha wakaenda nyumbani kupika.

Jioni moja wanunuzi wa ng'ambo walikuja kukagua shamba. Walisifu ujia kwa ukijani wake. Mmoja, mwanamke mwenye kofia, aliuliza sauti ile ni ya nini.

"Ni miti," Muiruri alisema.

Mwanamke aliinama, akasikiliza, akatabasamu, akauliza kama inaota popote. Jepkemei, ambaye sasa ndiye aliyepewa kazi ya kuilisha, alisema inaota popote, ikipata wa kumkoholea. Mwanamke alisema hilo linavutia sana. Walipoondoka, Jepkemei alimwuliza tena Muiruri kuhusu barakoa, naye akamjibu kwamba zimeagizwa.

Kiangazi kilipoingia, mti wa Micah ulidondosha jani la mwisho. Siku hiyo Micah alikohoa kutoka langoni hadi stoo, na kutoka stoo hadi kreti aliyoiketia. Jepkemei aliketi kando yake akimpigapiga mgongo.

Pikapu ya Gedion ilifika saa kumi na miti mipya. Micah alipanda nyuma mwenyewe, akaipitia miti mmoja mmoja kama mtu anayechagua ndama sokoni, akachukua wenye majani mapana. Akaubeba hadi kwenye ujia, akaumiminia mbolea, wakangoja. Miti siku hizo ilikuwa imeijua kazi, haikuchelewa wala haikungoja jua lizame. Mti ulikohoa mara mbili kwa ufupi, mara moja kwa urefu. Micah alivuta pumzi, ikaingia yote. Wachumaji walikuwa wameshatoka. Alijitwika bomba, akaingia grinihausi ya nne.