Alhamisi za Bibi Maendeleo

Siku Mariamu alipofungua kinywa, Somoe hakufurahi. Tuliseme hilo mapema, maana wapo wanaosimulia kwamba alipiga vigelegele. Vigelegele gani! Alisimama nje ya ghala la korosho, beseni la mihogo kichwani, akasikia sauti ya mtoto wa dada yake ikitoka ndani, sauti aliyoingoja miezi kumi, na moyo ukamchoma kama aliyemeza pilipili. Mtoto alikuwa anasema, ndiyo. Lakini alikuwa anasema na Bibi Maendeleo.

"Inama, bibi harusi! Shika nguo yangu, usiachie!"

Somoe hakungoja zaidi. Aligeuka na mihogo yake akarudi nyumbani, na njia nzima anasonya.

Mwaka ulikuwa wa sabini, na vita vya ng'ambo ya Ruvuma vilikuwa vimepamba moto. Asha, dada yake Somoe, alikuwa ameolewa upande ule. Kijiji chao kilipochomwa, alitanguliza habari kwamba anavuka na binti yake, na Somoe akashinda mtoni Kilambo tangu asubuhi akiwasubiri. Mtumbwi aliuona kwa macho yake. Aliuona pia ulipopinduka. Wapiga kasia walimwopoa mtoto, miaka minane, kashikilia kipande cha kanga. Asha alikwenda na maji.

Tangu siku ile Mariamu hakutoa neno. Somoe, ambaye watoto wake wawili aliwazika kabla hawajatambaa, alimwambia Bakari, mumewe, "Huyu ndiye wangu. Mungu kanipa kwa njia mbaya, lakini kanipa." Alimpeleka zahanati, akampeleka kwa mganga, akampeleka kwa shehe akasomewa. Usiku alilala naye kitanda kimoja akimbembeleza: "Niite mama, mwanangu. Hilo kubwa? Basi niite hata 'wewe'." Kimya.

Kisha akaja huyo Rozalia. Bibi Maendeleo, mtumishi wa serikali kutoka Mtwara mjini, kwao Bukoba, viatu vya kamba miguuni na saa mkononi. Kila Alhamisi Landrova ilimshusha ghalani, akawakusanya watoto na akina mama waliovuka mto. Alikuwa amefundishwa huko masomoni kwamba mtu aliyeona mabaya usimwulize, mpe mchezo. Basi wakachora kwa mkaa sakafuni, kisha wakaigiza walichochora. Huyu mto, huyu askari, huyu mtumbwi. Wanakijiji walicheka mpaka wakajishika mbavu. Watu wazima na akili zao, wanacheza kitoto! Lakini wajane waliotoka mle ndani walianza kulala usingizi, na kicheko kikapungua.

Mariamu alijigawia nafasi yake mwenyewe, kwa kidole. Yeye akaketi upande wa mbele wa gunia lililokuwa mtumbwi, akamwonyesha Bibi Maendeleo akae nyuma yake, awe mtoto. Wiki nyingi alicheza hivyo kwa ishara. Na sasa alikuwa anacheza kwa sauti, na akitoka mlangoni tu, anafunga mdomo. Nyumbani kwa Somoe hakuleta hata "shikamoo".

Ee bwana, Somoe aliumia! Nani alimwosha yule mtoto matope ya mto? Nani anamtwangia, anamsuka, anamfukuzia mbu? Halafu mwanamke wa watu anashuka garini mara moja kwa wiki, na mikono yake laini ya kushika kalamu, anakuta chakula kimeiva anakula yeye!

Siku moja akaona isiwe tabu, naye atacheza. Akalaza kinu uani, akakaa chini nyuma yake, miguu kainyoosha. "Haya, Mariamu. Mimi mtoto, wewe piga kasia."

Mariamu alimtazama, akachukua ndoo, akaenda kisimani. Bakari ndiyo kwanza anaingia kutoka shamba la mikorosho, akamkuta mkewe amekaa na kinu.

"Somoe! Safari ya wapi hiyo?"

"Ya kuzimu! Una neno?"

"Sina. Ila una wivu, mke wangu."

"Wivu? Nimwonee wivu mtu asiyejua hata kusonga ugali wa muhogo?"

Bakari akapita zake ndani, kwa sababu anamjua.

Alhamisi iliyofuata Rozalia alimfuata Somoe mpaka mlangoni, kabeba maboksi matupu ya maziwa ya unga. "Dada Somoe, nataka kukuuliza wewe, kwa kuwa mimi mgeni. Nimefikiria tuwatengenezee watoto vinyago vya maboksi. Uso wa mama, uso wa baba. Wanaoona haya wajifiche nyuma yake waseme. Kuna ubaya wowote?"

Sasa hapa ndipo penyewe. Mtu wa Bukoba angejuaje? Kwa Wamakonde kinyago cha kuvaa si cha kuchezea. Ni lipiko. Linatoka porini na wanaume waliopita jandoni ndio wenye siri yake; mwanamke haligusi, sembuse kulitengeneza. Na watoto wanaambiwa kwamba anayecheza ndani yake si mtu, ni mfu aliyefufuka. Mariamu kakulia katika maneno hayo. Ukimvisha mtu uso wa mama mbele yake, umemletea maiti.

Somoe alijua. Aliyajua yote hayo, yakamjaa kinywani, akayameza. "Hakuna neno, Bibi Maendeleo," alisema. "Watapenda sana."

Na moyoni akasema: haya, tuone sasa mtoto atamkimbilia nani.

Wiki ya pili yake, Rozalia alijifunga kile kinyago mwenyewe, uso wa mama, mdomo kaupaka rangi nyekundu, akatokea nyuma ya magunia huku amefungua mikono. Jamani! Watoto walilia kwa sauti moja. Akina mama waliruka madirishani, kikongwe mmoja akapoteza kanga yake na hakurudi kuitafuta. Mzee Ismaili, mkuu wa ngoma ya mapiko, alikuja mbio na fimbo. Akamwona mwanamke, kavaa lipiko, mchana kweupe! Akasimama, fimbo hewani.

Somoe aliingia kumtafuta mtoto wake, mikono tayari. Mariamu hakumkimbilia mtu. Alikuwa kajisokomeza chini ya magunia, kajikojolea, macho kayafumba, na Somoe alipomgusa aling'ata. Alama ya yale meno ilikaa kwenye mkono wa Somoe siku nyingi.

"Nani alikuruhusu?" Mzee Ismaili alifoka. "Hukuuliza mtu?"

Rozalia alikuwa ameshavua lile boksi, machozi yanamtoka. Aligeuza uso akamtazama Somoe. Akamtazama hasa. Kisha akasema, "Nisameheni, baba. Kosa langu. Sikuuliza vizuri."

Hakumtaja. Heri angemtaja! Somoe angepata cha kumchukia. Landrova iliondoka, na wazee wakapiga marufuku mchezo ghalani.

Alhamisi mbili zikapita. Mariamu aliacha uji, akaacha na mchuzi wa papa aliokuwa akiupenda. Wajane nao walirudia kulia. Somoe alikuwa amepata alichotaka, mtoto yuko naye kutwa nzima, hana wa kumnyang'anya. Na nyumba ilikuwa nzito, hata Bakari akawa anakula upesi na kutoka.

Alhamisi ya tatu Mariamu alikwenda kukaa kando ya barabara. Jua likampiga. Somoe alimfuata na kipande cha muhogo wa kuchoma, akaketi karibu yake vumbini. Wakakaa.

"Bibi Maendeleo haji?"

Somoe aliruka kidogo. Sauti ilikuwa ya chini, imekwaruza, lakini ilikuwa imeelekezwa kwake, kwake yeye, na hapakuwa na mtu mwingine barabarani. Miezi mingapi aliiomba? Na ilipokuja, ikaja na jina la yule yule!

Ulimi ukawa umeshajiandaa: hakutaki tena, amekuchoka. Maneno mepesi tu, na mambo yangeisha. Akamtazama mtoto, midomo imebabuka kwa jua. Hakuweza.

"Nilimfukuza mimi," akasema. "Aliniuliza kuhusu kinyago nikamdanganya. Nilitaka asirudi."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ulikuwa unasema naye, mimi husemi nami. Nilimwonea wivu, mwanangu. Wivu mbaya."

Mariamu akachora vumbini kwa kidole.

"Kule hakuwa anasema Mariamu," akasema. "Alikuwa anasema mama."

Muhogo ukamdondoka Somoe mkononi. Inama, bibi harusi. Shika nguo yangu. Ni nani duniani aliyemwita Mariamu bibi harusi, kama si Asha? Somoe alisimama nje ya ghala siku ile, akasikia maneno ya dada yake mwenyewe, neno kwa neno, wivu ukamziba masikio. Na yeye ndiye aliyemfunga Asha mdomo mara ya pili.

Alilia pale pale barabarani, bila kuficha uso. Kisha akaondoka na mtoto mkononi, moja kwa moja mpaka barazani kwa Mzee Ismaili, walikokaa wanaume, akasema yote mbele yao. Alitukanwa, na matusi aliyapokea. Mzee Ismaili alikuna kidevu. "Basi arudi," akasema mwishoni. "Lakini boksi nisilione."

Rozalia akarudi. Hakumuuliza Somoe kitu, akamsalimu tu, na salamu ile ilimuuma Somoe kuliko tusi.

Mariamu akagawa nafasi, safari hii kwa mdomo. Yeye mama, Bibi Maendeleo mtoto. "Na mama mdogo," akasema, "wewe ni wewe. Kaa ng'ambo, utungoje."

Somoe akakaa mwisho wa ghala, mahali pa ukingo wa mto. Akauona mtumbwi unakuja. Mariamu alipiga kasia, akainama, akapiga kelele, na mahali ambapo mtumbwi ulipinduka hakuupindua. Aliufikisha. Akashuka, akamshika Rozalia mkono, akamvuta hadi kwa Somoe.

"Somoe," akasema, na ilikuwa sauti ya Asha kabisa, ile ya kuamuru. "Mpokee mtoto wangu."

Je, wivu ulikuwa umekwisha? Wapi! Ulikuwapo palepale. Somoe alimtazama yule mwanamke wa Bukoba aliyepiga magoti mbele yake, na saa yake, na viatu vyake vya kamba. Kisha akafungua mikono ile ile aliyokwenda nayo Kilambo kumpokea dada yake, akamkumbatia.