Paka Mia Tatu na Tisa

Kufikia saa tatu asubuhi, kompyuta ya maktaba ilikuwa imeshamtangaza Mama Droo kuwa binadamu wa ajabu kuliko wote waliopata kukanyaga ardhi. Alikuwa amezaliwa katika miaka arobaini na mmoja tofauti. Alikuwa mwanamume na mwanamke. Aliishi mitaa yote ya mji kwa wakati mmoja, na alikuwa ameazima vitabu elfu kumi na tisa, vinne kati ya hivyo siku ileile aliyolazwa hospitali kupasuliwa kidole tumbo.

"Mwanangu," alimwambia fundi wa kompyuta, "hata mimi mwenyewe nimejistaajabia."

Fundi, mwanamke wa miaka thelathini hivi mwenye miwani iliyomshuka puani kila alipofikiri, hakucheka. Alikuwa ametumwa kuunganisha hifadhidata mbili: ile ya tovuti, iliyotunza majina na nywila za wasomaji, na ile ya kaunta, iliyotunza namba za kadi na vitabu walivyoazima. Katika ya tovuti, kilichomtambulisha mtu ni barua pepe. Programu yake ilipokuta anwani moja mara mbili, ilihesabu kwamba huyo ni mtu mmoja, ikamkunja. Sasa watu mia tatu na kumi na wawili walikuwa wamekunjwa ndani ya Mama Droo kama shuka kabatini.

Kosa lilikuwa la Mama Droo mwenyewe, na hakulikana. Miaka kumi nyuma, tovuti ilipofunguliwa, ilimtaka kila msomaji awe na barua pepe. Wazee hawakuwa nayo. Wengine walidhani ni ugonjwa. Basi Mama Droo, karani wa wanachama tangu enzi za kabati la droo sitini lililompa jina, alimkalisha kila mmoja mbele ya kompyuta, akamwandikisha kwa anwani yake mwenyewe.

Mkuu wa maktaba alikuja, akasimama mlangoni na kikombe chake cha chai. Aliuliza nani aliruhusu. Mama Droo akajibu kwamba hakumwomba mtu ruhusa. Mkuu akatazama saa. Saa nane mchana tovuti ya zamani ilikuwa inafungwa, ipende isipende. Akaamuru hao mia tatu wafutwe, wajiandikishe upya wenyewe, atakayeweza.

"Na orodha zao za vitabu?"

"Zitapotea. Ni orodha tu, Mama."

"Asiyekuwepo na lake halipo," alisema Mama Droo taratibu. "Lakini mimi nipo, mkuu. Sitoki hapa mpaka saa nane."

Mkuu alikunywa chai yake, akaondoka bila kusema ndiyo wala hapana.

Wakajaribu majina. Majina yakawasaliti: kulikuwa na wanawake kumi na saba wenye jina moja, watatu kati yao mtaa mmoja. Wakajaribu tarehe za kuzaliwa. Hapo Mama Droo alikohoa, akakiri kwamba yeyote asiyejua tarehe yake alimwandikia Januari mosi, ili mtu asikose sherehe. Fundi akavua miwani, akaiweka mezani kama mtu anayeweka silaha chini. Ilikuwa saa tano na nusu.

Ndipo akaingia Dereva. Aliendesha treni miaka thelathini na minne, na sasa, akiwa na miaka themanini na mmoja, aliendesha fimbo. Kila wiki alisahau nywila yake, na kila wiki tovuti ilimuuliza swali la siri kabla ya kumfungulia. Simu alikuwa ameishika mbali na uso, herufi zake kubwa kama matofali.

"Bibie, inaniuliza tena. Paka wangu anaitwaje?"

"Nne nne saba moja," alijibu Mama Droo bila kugeuka.

"Paka gani huyo ana jina la behewa," alinung'unika Dereva, akibonyeza. Kisha akamweleza fundi, ambaye hakuwa amemuuliza, kwamba yeye hajafuga paka tangu azaliwe, ila ile orodha anaihitaji. "Sina umri wa kusoma kitabu mara mbili kwa bahati mbaya."

Vidole vya fundi vilikuwa vimesimama hewani.

"Mama. Nne nne saba moja ni nini?"

"Namba ya kadi yake."

"Na wengine?"

"Wote nilifanya hivyo. Walisahau kila kitu, mwanangu, ila kadi ipo mfukoni. Tovuti ilitaka siri: jina la mama, jina la mwalimu, au la paka. Mama na mwalimu ni watu wa heshima, siwezi kuwabandika namba. Paka hatalalamika."

 Fundi alivaa miwani, akafuta mstari mmoja wa programu yake, akaandika mwingine. Barua pepe ikawekwa kando. Paka akawa ndiye kitambulisho. Namba ya paka huku, namba ya kadi kule. Akabonyeza.

Mama Droo alianza kupungua. Mbele ya macho yake, alipoteza miaka ya kuzaliwa, akapoteza mitaa, akaacha kuwa mwanamume. Wasomaji walichomoka mmoja mmoja, kila mtu na vitabu vyake. Mia tatu na tisa. Kisha programu ikagoma.

"Wamebaki watatu," fundi alisema. "Paka wao wana majina."

"Hao walikataa namba. Wana paka wa kweli." Naye akawataja kwa kichwa, kadi zao na mitaa yao: mshonaji, mfagizi wa posta, na mkunga mstaafu ambaye paka wake aliitwa Waziri kwa sababu ya kulala kutwa.

Saa saba na robo fundi alimwita mkuu. Mkuu akasoma skrini, akasoma tena, akauliza kama Mama Droo angependa kiti kizuri zaidi. Mama Droo alisema kiti chake kinamfaa. Kidevu chake, hata hivyo, kilikuwa kimepanda juu kama bendera.

"Na wewe umebaki peke yako sasa," fundi alimwambia, akamgeuzia skrini. Jina lake. Mwaka mmoja wa kuzaliwa. Kadi: hakuna. Vitabu: sifuri.

"Miaka thelathini na mmoja ya kazi hapa, Mama?"

"Nilisoma nimesimama, mwanangu. Kule kwenye rafu. Nani angenihudumia?"

 Fundi alikwenda kukaa kwenye kiti cha Mama Droo, akaivuta droo, akatoa kadi tupu, akangoja.

Mama Droo alitokomea katikati ya rafu, akarudi na kitabu kinene amekikumbatia, akazunguka kaunta. Dereva alikuwa ameshasimama pale na chake.

"Foleni ni foleni, bibie."

Akasimama nyuma yake. Zamu yake ilipofika, aliweka kiwiko pale ambapo mbao ilikuwa imelika kwa viwiko vya watu, akakuta kinatosha.