Kimya cha Benchi la Marlow

Delbert Ruzicka alikuwa ameachishwa na timu kumi na moja, na hakuna hata moja aliyopata kuiaga.

Si kwamba hakuwa na adabu. Ndivyo kazi ya besiboli ilivyo kwa watu wa daraja lake, wale wanaohama kila msimu wakimfuata yeyote mwenye nafasi. Unafika uwanjani asubuhi, unakuta kabati lako limefunguliwa na vitu vyako vimetiwa mkobani. Kocha anakuita ofisini, dakika tano, anakupa mkono, kwaheri. Wenzako bado wamelala. Wakifika, wewe uko stendi ya basi na mkate wako wa mayai, na jina lako limeshabanduliwa kabatini.

Kwa mtu kama Del hiyo ilikuwa adhabu kubwa kuliko kufukuzwa kwenyewe. Del alipenda watu. Alijua mke wa nani kamfungia nani mlango, alijua dereva gani wa basi anavuta sigara kwa siri, na ukitaka kujua bei ambayo jirani yako kauzia gari lake, ulimuuliza Del. Mkono wake wa kushoto ulimtembeza miaka kumi na saba. Ulimfikisha mpaka ligi kuu, siku kumi na tisa tu, mechi nne, na kila alipozitaja hizo siku kumi na tisa alizitaja kama mtu aliyealikwa ikulu. Sasa alikuwa na miaka thelathini na minane, mipira yake ilikwenda taratibu kama barua, na kiangazi kile cha mwaka 1996 alikuwa mtupaji wa Wafua Chuma wa Marlow, mji mdogo wa Ohio, katika ligi ndogo ambayo timu kubwa hata hazikujua kama ipo.

Wachezaji wa ligi hiyo hawapangi nyumba. Hukaribishwa na mashabiki. Del alikuwa kwa Mama Lorraine Stuckey, mjane wa fundi wa reli, mwanamke ambaye angeweza kuongea kuanzia kifungua kinywa mpaka chakula cha jioni bila kurudia jambo. Ndiyo maana Jumamosi ile asubuhi Del alishtuka. Mama Stuckey alimwekea mayai, akamwekea nyama ya nguruwe, akamwekea kipande cha pai ya tufaha, tena saa mbili asubuhi, na hakusema neno.

"Nani kafa, Mama?"

"Kula."

"Nakula. Nani kafa?"

Mama Stuckey akaifuta meza iliyokuwa safi. "Mke wa kocha amepiga simu. Anauliza kama nina mashuka ya ziada."

"Unayo?"

"Siku zote ninayo, Delbert," akasema, akageukia karo la vyombo na kufungulia maji ambayo hakuyahitaji.

Del akaelewa. Mashuka mapya ni mgeni mpya. Langoni mwa uwanja, Dot muuza soseji akamalizia habari: kwenye moteli ya barabara kuu kuna kijana mrefu, mabega kama mlango, na amemwona kwa macho yake akila nafaka na maziwa kwa mkono wa kushoto.

"Kwa kushoto? Una hakika?"

"Kijiko kilikuwa kushoto, Del. Mimi nimeuza soseji miaka ishirini, mkono wa mtu siukosei."

Timu ina nafasi ishirini na mbili tu, na watupaji mashoto wawili ni wengi. Del akaingia ndani akitarajia kukuta kabati limefunguliwa. Limefungwa. Kocha Mabry akatokea mlangoni, akaangalia kila kitu isipokuwa uso wa Del.

"Unaanza wewe leo."

"Mimi?" Msimu mzima alikuwa anaingizwa mwishoni, atupe mipira sita, atoke.

"Mwenye zamu kala kamba wabovu, yuko chooni tangu jana. Wengine wote nimewamaliza kwenye mechi mbili za jana. Nipe raundi tano tu."

Kwa hiyo ilikuwa leo, Del akafikiri, wanamtumia kwanza kisha wanamwachisha. Hakukasirika. Ajabu ni kwamba alishukuru, maana mechi ilianza saa saba mchana na wenzake wote wangekuwepo. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake atafukuzwa watu wakiwa macho. Akajiapiza: safari hii, liwe liwalo, ataaga.

Mechi ilikuwa dhidi ya Panya Buku wa Harkness. Tangu Jumanne, radi ilipopiga nguzo, ubao wa matokeo ulikuwa umekufa na spika zimeungua, kwa hiyo uwanjani hakukuwa na wa kukuambia kitu. Ulihesabu mwenyewe. Del akaanza vibaya. Mpigaji wa pili akauchapa mpira wa chini kwa Grady Toombs, mlinzi wa kituo cha tatu. Ukamgonga Grady kifuani, akaukimbiza kama anayekimbiza kuku, mpigaji akafika kituoni. Mwingine angeliita kosa la mlinzi, lakini mpira ule ulikuwa mkali, na Del hakuwa mtu wa kumtwika mwenzake mzigo. Akajiandikia moyoni: pigo moja halali la mpinzani. Kisha akatupa mpira wa ovyo, ukampita mdakaji, kisha akatupa mwingine, na mwingine tena, na yule mtu akasogea kituo kwa kituo mpaka akafika kituo cha nyumbani akiwa hajatoka jasho. Moja bila kwa Harkness.

Baada ya hapo alikuwa akivuka kwa neema tu. Raundi moja angewapa watu wawili vituo vya bure kwa kutupa nje ya shabaha, halafu wa tatu angeupiga mpira juu na kudakwa. Wafua Chuma wakafunga matatu. Del akajiambia: tunashinda, lakini natupa kama mtu anayemwaga uchafu dirishani.

Ni kwenye raundi ya tano alipotambua kuwa ameketi peke yake.

Benchi lilikuwa na watu kumi na tisa upande mmoja, wamebanana kama wanaoogopa mvua, na yeye upande wa pili na ndoo nzima ya mbegu za alizeti. Hakuna timu inayomwachia mtu mmoja ndoo nzima ya mbegu za alizeti.

"Yunior," akamwita mdakaji wake, Yunior Peguero wa San Pedro, mtu ambaye kwa kawaida ulimnyamazisha kwa kumtia chakula mdomoni. "Umesikia habari za dereva na yule dada wa tiketi?"

Yunior akaangalia viatu vyake.

"Wameonekana Cleveland. Pamoja."

Yunior akainuka, akaenda kunywa maji, akanywa kama ngamia, hakurudi.

Sasa, Del alikuwa ameuona ukimya huo mara kumi na moja, kila mara jioni ya mwisho. Hivyo ndivyo wachezaji wanavyomfanyia mtu ambaye karatasi yake imeshasainiwa. Hawakai karibu naye, wanaogopa mkosi wake usije ukawashika. Kumbe wote wanajua, akafikiri. Dot hawezi kukaa na kitu.

Raundi ya sita, kimya. Ya saba, kimya. Kocha Mabry alimtaka raundi tano, sasa zimepita saba na hajamwambia kitu, hata "mkono ukoje?" Baada ya ya nane Del akaona bado raundi moja, na baada ya hiyo moja ni ofisini, na baada ya ofisini ni stendi ya basi. Akatema maganda ya alizeti, akasimama katikati ya benchi.

"Jamani, nina neno."

"Huna," akasema Grady bila kugeuka.

"Ninalo. Nimechezea timu kumi na moja..."

"Babu, kaa chini."

"Kumi na moja, na sijawahi kumwambia mtu asante, kwa sababu kila nilipotaka kusema watu walikuwa wamelala. Leo hamjalala."

"Mama yangu," akanong'ona Yunior, akafanya ishara ya msalaba mara mbili, ya pili kwa kasi zaidi.

"Wewe Yunior, asante. Umeidaka mipira yangu iliyokuwa inaangukia vumbini, ukaiinua kwa namna ambayo refa aliamini nimekusudia. Grady, asante. Ulinipa kiti cha dirishani kwenye basi kwa ajili ya goti langu, na hukumwambia mtu kuwa goti ni bovu."

Grady akajifunika taulo kichwani. Del akaona mabega yake yanatikisika, akadhani analia, na machozi yakamlenga na yeye. Mtu fulani mwishoni mwa benchi akaziba masikio na kuanza kuimba wimbo wa kanisani, bila maneno.

"Na wewe, Kocha. Mwezi wa tatu niliwapigia makocha tisa simu. Ni wewe peke yako uliyepokea."

Kocha Mabry akaivuta kofia yake mpaka puani, akabaki hivyo.

"Ni hayo tu," akasema Del, na akajisikia mwepesi kama aliyetua gunia. Akachukua glavu yake, akatoka.

Na huko nje, watu wote walikuwa wamesimama! Mia tisa na ushee, Mama Stuckey mstari wa mbele, mikono mdomoni. Hata wao wanajua, Del akawaza, mji mzima umekuja kuniaga. Akapanda kichuguu cha mtupaji, akavua kofia, akawapungia kwa heshima kila upande. Uwanja ukatoa mguno kama wa mtu aliyekanyagwa kidole. Akaupenda mguno ule. Aliuona wa mapenzi.

Mpigaji wa kwanza akaukosa mpira mara tatu, akatoka. Wa pili akaupiga juu, ukadakwa. Wa tatu alikuwa kijana mwembamba aliyeitwa Tolliver, na Del akamtupia mpira wake wa taratibu kuliko yote, ule uliomlisha miaka kumi na saba. Tolliver akaungoja, akaungoja, mwisho akaugusa tu kwa ncha. Mpira ukapaa kidogo, kama hauna haraka, ukaanguka majanini nyuma ya kituo cha pili, mahali ambapo hapakuwa na mtu.

Uwanja mzima ukashusha pumzi kwa pamoja. Watu wengine wakakaa chini. Yunior akaja mpaka kwenye kichuguu, kavua barakoa, uso mwekundu.

"Umefurahi sasa?"

"Aa! Umenisemesha!"

"Unajua hilo ni pigo la ngapi?"

"La pili."

"La kwanza, babu! La kwanza! Hawa Panya Buku walikuwa hawajakupiga hata mara moja mchana kutwa!"

"Na lile la Grady?"

"Liliandikwa kosa la Grady! Grady mwenyewe alikwenda kumwomba mwandishi wa matokeo aliandike kosa!" Yunior alikuwa anakaribia kulia. "Mtu akikaribia kumaliza mechi bila kupigwa haongeleshwi, haguswi, haketiwi karibu, ni mkosi, wewe unajua hivyo kuliko sisi sote, na wewe unasimama unatoa hotuba! Unavua kofia!"

Del akashika kiuno. "Kumbe hamkuninyamazia kwa sababu nafukuzwa."

Glavu ikamponyoka Yunior. "Unafukuzwa?"

Refa akawafikia, mikono kifuani. "Mabibi, tumalize mchezo au niwaletee kahawa?"

Del alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akashindwa kusimama wima, na akiwa bado anacheka akamtupia mpigaji aliyefuata mipira minne, akamtoa. Tatu kwa moja, mchezo umekwisha. Wafua Chuma wakamrukia wote kwa pamoja, na midomo iliyofungwa tangu raundi ya tano ikafunguka kama bomba.

"Wewe na asante zako!"

"Si ungesubiri dakika kumi tu, mzee?"

"Nimeandikisha kosa langu mwenyewe kwa ajili yako," Grady akapiga kelele, "kisha unanishukuru kwa kiti cha basi?"

Mtu akamwagia maji ya barafu shingoni. Del hakukumbuka mechi aliyopata kutukanwa vizuri namna ile.

Kisha Kocha Mabry akamwita ofisini.

"Kaa."

"Najua, Kocha. Mashoto wa moteli."

"Nani kakwambia?"

"Anakula nafaka kwa kushoto."

"Dot," akasema Mabry, akajipapasa uso. Karatasi ilikuwa mezani, imesainiwa. "Nilisaini asubuhi. Ana miaka ishirini na miwili, Del, anatupa mpira kama risasi. Nafasi zimejaa. Baada ya leo, naona aibu kuishika hii karatasi, lakini siwezi kuila."

"Usiile."

"Nimefukuza watu miaka thelathini. Hakuna aliyenishukuru kabla sijamfukuza."

"Nilikuona umejifunika kofia."

"Nilikuwa naomba Mungu unyamaze."

Mlango ukagongwa, ukafunguka bila kungoja. Alikuwa Gil Fontenot, kocha wa Panya Buku, na tumbo lake liliingia kwanza. "Nasikia mna mashoto mliyemchoka."

"Nani kakwambia?" Mabry akauliza.

"Kuna mama anauza soseji pale langoni." Fontenot akamgeukia Del. "Wapigaji wangu tisa wameshindwa kukugusa mchana kutwa, wamekaa kule kama wafiwa. Nataka uje uketi nao, waone kuwa wewe ni mtu tu. Tena mtu mzee."

"Atakugharimu," akasema Mabry haraka, maana karatasi ilikuwa bado haijatumwa. "Katoni mbili za mipira mipya."

"Kwa mtu mwenye goti hilo? Moja."

Mabry akamtazama Del, na Del akaelewa kuwa Kocha naye alilijua goti siku zote, na siri kaitunza kama Grady. "Mbili," akasema Mabry. "Huyu kapigwa mara moja tu."

Zikawa mbili.

Hivyo ndivyo Del Ruzicka alivyohamia timu yake ya kumi na tatu, kwa miguu, akiukatiza uwanja na mkoba begani huku wafanyakazi wakiparuza udongo kwa reki. Wafua Chuma wote walijipanga kwenye uzio.

"Msaliti!"

"Kesho nakupiga mpaka Indiana, babu!"

"Grady," Del akajibu bila kugeuka, "kwanza jifunze kudaka."

Juu, mstari wa mbele, Mama Stuckey alikuwa bado hajaondoka. "Delbert! Unakwenda wapi na huo mkoba?"

"Nimekuwa wa Harkness, Mama. Mimi ni adui sasa."

"Na adui anakula saa ngapi?"

Del akasimama.

"Saa kumi na mbili, kama wewe," Mama Stuckey akajijibu mwenyewe. "Kijana mpya nimempa chumba chako, wewe utalala kwenye kochi mpaka mwondoke. Walete na hao panya wako, nyama ipo. Na njoo mapema, nina habari ya mke wa kocha ambayo asubuhi sikuweza kukwambia."

Del akamvulia kofia. Safari hii hakuna aliyeguna.

Kwenye benchi la wageni, wale wapigaji tisa walimtazama akiteremka ngazi. Tolliver, yule aliyelipata pigo, akainuka, masikio yamemwiva.

"Nisamehe, mzee. Sikujua kama..."

"Nani alikufundisha kungoja namna ile?"

"Baba yangu."

"Mwambie namshukuru," akasema Del. "Pigo lako ndilo lililowafungua watu midomo, na hiyo ni kazi yake."

Wakamsogezea nafasi katikati, si pembeni. Mmoja akampitishia ndoo ya mbegu za alizeti, na mwingine akaanza kumuuliza ule mpira wa taratibu anaushikaje, na wa tatu akataka kujua kama ni kweli, hayo ya dereva na dada wa tiketi.

"Cleveland," akasema Del, akajaza kiganja. "Sogeeni."