Mikono ya Nassibu

"Fungua kiganja."

Nassibu alifungua. Askari akakibonyeza kwa kidole gumba, akakigeuza, akakinusa. Mafuta ya nazi. Akacheka na kujifuta kwenye kaptura yake.

"Loo, mikono ya bibi harusi hii! Huyu hana kazi."

Ilikuwa saa nne asubuhi, jua limeshawaka juu ya mabati ya Kariakoo, na mstari wa wanaume ulianzia barazani kwa Kanubhai, muuza vitambaa, mpaka kwenye lori. Mwenye sugu aliachiwa aende zake. Asiye nazo alipelekwa mezani kwa karani, na huko akikosa barua ya mwajiri, basi: lori, stesheni, garimoshi la bara. Amri ya serikali: wahuni warudi makwao! Kwao Nassibu ni Tabora, alikoondoka hata meno ya utoto hayajamtoka. Mkewe Sitara yuko Magomeni, mimba ya miezi minane, na hana habari.

Sugu aliwahi kuwa nazo, tena tele. Miaka sita alibeba magunia bandarini. Mwaka jana akaacha, maana vidole vilikakamaa, vikawa havitii tena vifungo vya saksafoni, na bendi nzima ilimwambia, wewe ndiye roho yetu, vitunze hivyo vidole. Tangu hapo Sitara anavikanda kwa mafuta ya nazi kila asubuhi, kimoja kimoja. Leo pia amevikanda.

"Shikamoo, bwana karani."

"Kazi?" Karani hakuinua kichwa.

"Napiga saksafoni, bwana. Hii hapa, kwenye mfuko huu begani. Dansi kila Jumamosi."

"Nimeuliza kazi, sikuuliza starehe. Mwajiri wako nani?"

Watu mia mbili huja kucheza. Nani kati yao aandike barua? Akanyoosha kidole gumba cha kulia. "Tazama, bwana. Sugu hii. Ndipo saksafoni inapokaa."

"Moja tu?" Askari aliangua kicheko.

Kanubhai akatoka dukani. "Kweli anapiga, bwana. Kwenye harusi ya binti yangu alipiga yeye."

"Basi nimwandike mfanyakazi wako?" karani akauliza.

Kanubhai alitazama rungu la askari, akatazama vitambaa vyake, akarudi ndani.

"Haya, piga," karani alimwambia Nassibu.

Aliitoa saksafoni, akakitia mdomoni kile kipande cha tete cha kupulizia akilowanishe, lakini mate hayakuwepo. Sauti ya kwanza ilitoka kama ya mbuzi aliyekabwa. Watu wakacheka. Akafumba macho, akapuliza tena, na safari hii ikaja yenyewe, nzito na tamu. Mahamali wakatua mizigo. Mguu wa askari ukaanza kugonga chini.

"Sasa lile la mwisho," karani alisema taratibu. "Lile mnalofungia dansi."

Kumbe anatujua! Kumbe huja kucheza! Nassibu akalipiga lote, jasho linamtiririka, moyo unamwambia umepona, umepona. Alipomaliza watu walipiga makofi, na karani naye akapiga mawili.

Kisha akachovya kalamu, akawa anaandika huku anasoma. "Nassibu. Kazi: hana."

"Bwana, si umesikia?"

"Nimesikia. Unapiga vizuri sana." Karani alikausha wino. "Saksafoni ibaki hapa. Wenzako waje waichukue, Jumamosi si wataihitaji?"

Askari akamsukuma. Nassibu akashika chuma cha lori apande, mkono ukateleza. Akashika tena, ukateleza. Mafuta ya Sitara yalikuwa bado hayajakauka.