Aliishusha Bunduki

Mwizi wa televisheni ya kinyozi alikimbia nayo kichwani, mchana kweupe, kama mtu aliyebeba sinia la vikombe. Nilimwona kwa macho yangu, nikiwa bombani. Alichepuka akaingia uwanjani kwetu, pale sisi madobi tunapoanika mashuka ya hospitali, akapotea katikati ya kamba. Nyuma yake akaja mjukuu wangu, askari polisi, bunduki mkononi, kofia imeshaanguka njiani. Nyuma ya mjukuu wangu akaja kinyozi, na nyuma ya kinyozi akaja mteja wake, amenyolewa upande mmoja, taulo bado liko shingoni.

"Piga!" kinyozi alikuwa akipiga kelele. "Piga, anatoroka huyo!"

Mjukuu wangu aliinua bunduki. Kivuli cha mwizi kilikuwa kimejichora juu ya shuka, na kile kisanduku kichwani.

"Simama! Polisi!"

Mwizi hakusimama. Mjukuu wangu akamwita tena. Kisha nikamwona anaishusha bunduki, akaanza kupekua mashuka kwa mkono, moja baada ya jingine. Alipofika mwisho mwizi ameshapenya kwenye tundu la uzio. Televisheni ikaenda na maji.

Mtaa mwingine ungesema pole, yakaisha. Mtaa wetu ulikuwa na donda. Miezi michache nyuma, askari mwingine wa kituo hicho hicho alimpiga risasi kijana wa mama muuza mkaa, akafa palepale. Alidhani ni mwizi kwa sababu alikuwa anakimbia. Kumbe alikuwa anakimbia mvua. Mama yake kila akienda kituoni kuandikisha maelezo huambiwa aje kesho. Tangu hapo watu tukawa pande mbili. Hawa wanasema polisi wanaua ovyo, wale wanasema wezi wametuzidi, wapigwe tu. Redioni ni hayo, vibarazani ni hayo, hata sisi kwenye mabeseni ya kufulia mtu anasugua shuka huku anagombana na mwenzake mpaka povu linamrukia machoni.

Sasa wale wa kupiga wakapata mfano wa kucheka. Watoto wakamwita mjukuu wangu Askari Shuka. Kinyozi akazunguka kuomba aondolewe kazini, na mkutano ukaitishwa kwenye ukumbi wa shule, polisi waje wajibu.

Jioni kabla ya mkutano, mkuu wa kituo alikuja kwetu. Aliniamkia vizuri, akakaa kwenye ncha ya kiti maana kwingine kote kulikuwa na marundo ya mashuka.

"Binti," akamwambia, "kesho watu watataka kichwa chako. Simama useme bunduki ilikwama. Chuma ni chuma, hukwama. Watacheka kidogo, watakwenda zao."

"Haikukwama, afande."

"Najua. Lakini ukisema uliamua mwenyewe, sitakuwa na njia, nitakupeleka mbele ya wakubwa. Wanaweza kukuvua hayo magwanda."

Akanishukuru kwa chai, akaondoka. Sisemi si mtu mzuri. Alikuwa anataka kulala usingizi, kama sisi wote.

Mjukuu wangu akarudi kukunja mashuka. Hiyo kazi aliitaka tangu utotoni, akijifunga mkanda wa marehemu babu yake na kutupanga foleni bombani, watu wazima sisi, na tunapangika.

"Vipi, mke mwenzangu?" nikamwita, maana ndivyo tunavyotaniana.

"Bibi, nikisema ilikwama, maana yake mimi nilitaka kupiga, chuma ndicho kilichokataa."

"Na usiposema?"

"Nitarudi kufua na wewe."

"Sabuni ipo."

Akacheka, lakini machozi yalikuwa karibu. Sikumwambia afanye hili au lile. Mimi niliishia darasa la nne, na hata ningefika mbali, mdomo ulikuwa wake.

Kesho yake ukumbi ulijaa mpaka wengine wakakaa madirishani. Kinyozi alizungumza kwanza, na kusema kweli, kwa kuongea Mungu kamjalia.

"Mimi si mtu mbaya, jamani. Lakini ile televisheni ilikuwa yangu mimi? Ilikuwa ya mtaa! Nani hapa hajatazama mpira kwangu bure?"

Wanaume wakaguna kwa uchungu kama waliofiwa.

"Wapo wanaomtetea, eti hakupiga kwa sababu nyuma ya mashuka kungekuwa na watu. Watu gani? Bibi yake mwenyewe alikuwa bombani! Bibi, kweli si kweli?"

Ukumbi wote ukanigeukia. Mjukuu wangu naye akanitazama.

"Kweli," nikasema. "Siku hiyo maji yalitoka ghafla, tukakimbilia ndoo sote. Nyuma ya mashuka hakukuwa na mtu."

"Mmesikia!" Kinyozi akakaa, anajifuta jasho.

Mkuu wa kituo akamwashiria mjukuu wangu kwa kichwa. Alisimama wima, magwanda yamenyooka, nami nikashika ukingo wa benchi.

"Bunduki yangu haikukwama," akaanza. Mkuu akafumba macho. "Niliishusha mimi. Mimi nimelelewa uwanja ule. Dobi akishaanika, hukaa nyuma ya shuka penye kivuli, akikunja yaliyokauka na kutia viraka. Mpita njia haoni mtu, anaona kitambaa cheupe tu. Mimi mwenyewe nimelazwa nyuma ya mashuka yale, ndani ya kapu, kabla sijajua kutembea. Siku ile niliona kivuli kimoja. Kama kulikuwa na mama amekaa na sindano yake nyuma zaidi, nisingemwona."

"Lakini hakuwepo!" kinyozi akaruka.

"Hakuwepo, mjomba. Mimi nimejua baadaye, kama ulivyojua wewe. Risasi ikishatoka haisubiri baadaye. Na hata uwanja ungekuwa mtupu, nikaona ni mtupu, yule alinipa mgongo na mikono yote miwili imeshika televisheni. Angenidhuru kwa kitu gani? Angenionyesha mpira?"

Watu wakaangua kicheko, hata wale wa kupiga. Kinyozi akafungua mdomo, na yule mteja wake akamwambia, "Kaa chini, bwana, hata mimi hujanimalizia nywele!"

Kicheko kikakatika ghafla. Mama muuza mkaa alikuwa amesimama. Ni mwanamke mwembamba, hana sauti, lakini siku hiyo hata mtoto mchanga hakulia.

"Mwanangu," akamwambia, "yule aliyempiga mwanangu, naye aliangalia kwanza?"

Hapo nikajua kazi imefika shingoni. Kusema ya kwako ni kitu kimoja. Kugusa la mwenzako, mkuu wako amekaa hatua mbili, ni kingine.

"Mama, sikuwepo, siwezi kumsemea. Lakini swali lako ni la haki. Mimi nimesimama hapa kujibu kwa nini sikupiga. Aliyepiga naye asimame ajibu kwa nini alipiga. Na maelezo yako yaandikwe."

Hakuna aliyepiga makofi. Mmoja akasema, "Yaandikwe." Wa pili akasema. Ukumbi ukavuma, yaandikwe, yaandikwe, na sauti nzito kuliko zote ilikuwa ya kinyozi, ambaye kijana wa mkaa alikuwa mteja wake.

Mkuu wa kituo alitimiza neno lake. Mjukuu wangu alipelekwa mbele ya wakubwa, wakamhoji, wakamnyang'anya bunduki, wakamweka mezani kwenye mapokezi ya kituo mpaka hapo watakapoamua zaidi. Magwanda wakamwachia. Wapo wanaonipa pole. Nawapokelea, ni watu wa adabu.

Siku yake ya kwanza mezani nilimpelekea chakula, nikakuta amekaa na mama muuza mkaa. Amemvutia kiti karibu, anaandika taratibu, akifika mwisho wa kila karatasi anamsomea kwa sauti, na mama akisema "sivyo, mwanangu, alikuwa amevaa shati la bluu," anafuta, anaandika shati la bluu. Walimaliza jua limeshapinda. Mama akachovya dole gumba kwenye wino, akalibandika chini ya jina la mwanawe, akalitazama kwa muda mrefu.

Nilikuwa kwenye benchi la wageni, bakuli mapajani, chakula kimeshapoa. Kando yangu alikaa askari mmoja mgeni, aliyehamia karibuni, hajui mtu. Hakuniuliza neno.

"Yule mezani," nikamwambia, "ni wangu."