Kivuli Bado

Mji mzima ulimwita Mkono, naye hakukataa. Alikuwa mchora mabango, na sifa zake zilifika kila mtaa kabla ya brashi yake. Walisema aliwahi kuandika DUKA kwenye ukuta uliopinda, ukuta ukanyooka wenyewe kwa haya. Walisema alichora mlango kwenye ukuta wa ghala, mlevi mmoja akapiga hodi mpaka akachoka, akaondoka akiwatukana wenye ghala kwa kukosa ukarimu. Hilo la ukuta sina hakika nalo. La mlevi lina mashahidi.

Kwa hiyo siku Mkono alipoinamisha kichwa kuingia saluni na kusema, "Mama Wino, huyu binti yako ana jicho, nipe nimfundishe," mama nusura ameze pini aliyoibana mdomoni. Bingwa mwenyewe amekuja kwa miguu yake, na ada hataki.

Wino alikuwa na miaka kumi na tano. Jina hilo alilipata utotoni kwa sababu hakuwahi kupita karibu na kalamu akatoka msafi. Mwaka wa kwanza kwa Mkono ulikuwa wa raha tupu. Alifundishwa kuzuia pumzi anapovuta mstari mrefu, kuegemeza kiganja kwenye kijiti ili kisitetemeke, na mwisho wa yote kupaka kivuli, ule weusi mwembamba unaowekwa nyuma ya herufi mpaka ionekane imesimama mbele ya ukuta.

"Herufi bila kivuli imelala," Mkono alimwambia. "Usimwachie mteja herufi iliyolala."

Wino akakijua kivuli mpaka wakichora bango pamoja hakuna aliyeweza kusema huyu kaishia wapi na yule kaanzia wapi. "Mkono wako ni mkono wangu," bingwa akatangaza mbele ya watu. Watu wakapiga makofi, na binti akatembea wiki nzima kama kavishwa taji.

Mwaka wa pili Mkono akaanza kumpunguzia watu. Alianza na rafiki yake, binti wa fundi baiskeli. Kwa Wino alisema, "Yule mwenzako anaonyesha watu michoro yako, wanacheka." Kwa yule mwingine alisema Wino hataki tena kukaa na mtu anayenuka grisi. Wasichana wakanuniana mpaka wakasahau walianzia wapi, na Mkono akawa wa kwanza kuleta leso.

"Unaona? Tuko wawili tu tunaoona, mimi na wewe," alisema. "Wengine macho yao ni ya kukwepea mashimo."

Kisha akamnong'oneza mama kwamba kuna kijana. Kijana hakuwepo hata wa dawa, lakini simu ya Wino ikafungiwa kabatini siku hiyohiyo. Kila mlango uliojifunga, Mkono alikuwa kwenye mlango mwingine, kaushikilia wazi, anatabasamu.

Halafu akaanza kujua mambo.

"Jana umelala bila kula," alimwambia asubuhi moja akikoroga rangi. Siku nyingine: "Lile gauni la bluu lilikupendeza kuliko hili." Wino akacheka kwa mazoea. Alikuwa njiani kurudi nyumbani kicheko kilipomkauka. Gauni la bluu alikuwa amelijaribu chumbani kwake, peke yake, akalivua. Halikuwahi kushuka ngazi za nyumba.

Walikaa ghorofani juu ya saluni, mama na yeye. Ng'ambo ya mtaa, palepale mbele ya dirisha lake, lilikuwapo duka la dawa, na juu ya mlango wa duka bango jipya ambalo Mkono alilichora bure. Wakati ule alikuwa amekuwa mkarimu ajabu. Alimchorea bure mwenye duka la dawa, akamchorea bure kinyozi wa pale pembeni, akachora lango la shule ya Wino, akachora saluni ya mama. Na yote manne hakuyamaliza. Herufi zilikuwa pale, za kupendeza, zimelala. Ukimuuliza, jibu lilikuwa moja: "Kivuli bado. Rangi ya chini haijakauka." Rangi ya mwezi wa tatu haijakauka. Hakuna aliyemsumbua, nani anamsumbua mtu anayemfanyia kazi bure? Ngazi yake ndefu ikawa kama mkazi wa mtaa, leo imeegemea hapa, kesho pale, na mara nyingi zaidi duka la dawa.

Ngazi hiyo ndiyo iliyomwambia Wino. Mkono alimtuma apande kufuta tone la rangi lililochuruzika kwenye bango la dawa. Akapanda, akafuta, na alipoinua macho akaona kitu kwenye kipandio cha juu, mbali kabisa na bango, mahali ambapo mchoraji hana shughuli. Kipandio kile kilikuwa kimelika, na kilikuwa na alama za rangi kutoka kwenye viatu. Alama za visigino.

Mchora mabango anasimama na vidole vya miguu kuelekea ukutani. Ili kisigino kiguse mahali pale, lazima ugeuke na kuupa ukuta mgongo. Wino akapanda mpaka pale, akageuka. Pazia la dirisha lake lilifunika nusu ya chini tu. Kutoka pale aliona kitanda chake, kioo chake, na gauni la bluu msumarini.

Alishuka. Tangu siku ile, kila alipotembea mjini alihesabu kwa macho tofauti: lango la shule, kivuli bado, kinyozi anakopita kwenda kisimani, kivuli bado, saluni, kivuli bado. Kila mahali anaposhinda, ngazi ilikuwa na ruhusa ya kurudi.

Akamwambia mama. Mama alikuwa anasuka kichwa cha mteja, hakuinua hata uso.

"Fundi akichoka juu ya ngazi ageukie wapi, mwanangu? Angani?"

"Mama, anajua nimevaa nini chumbani."

"Anajua kwa sababu ana jicho la mchoraji. Wewe ulisema mwenyewe, anaona visivyoonwa na watu." Akavuta uzi. "Na kama ni ujanja wa kukwepa kuhama Jumatatu, umechelewa. Nimeshampa neno langu."

Hilo ndilo lililokuwa limemkaa Wino kooni. Mkono alikuwa amemshawishi mama kwamba kipaji kile hakitaiva nyumbani, kati ya kelele na nywele. Nyuma ya karakana yake palikuwa na chumba. Jumatatu Wino ahamie huko, akae mpaka awe bingwa. Mama alikwishamnunulia na shuka.

Akajaribu kwa kinyozi. Kinyozi akacheka mpaka mteja akaliogopea sikio lake. "Mkono? Yule hata nzi anamwomba radhi kabla ya kumpiga. Nenda kapumzike, binti."

Jumamosi mji ulikuwa na sherehe. Kwenye ukumbi wa mji Mkono alipewa utepe wa Mlezi Bora wa Vijana, na mama alichaguliwa kutoa neno la shukrani. Mtaa wote ukahamia ukumbini. Wino akasema ana homa, na mama akaondoka amenuna.

Aliyebaki mtaani alikuwa mwenye duka la dawa, mama mnene mwenye ulimi mkali, aliyeitwa Mama Dawa na wanaomheshimu, na majina mengine na wanaodaiwa naye dawa ya mkopo. Alisema wagonjwa hawaendi sherehe, kwa hiyo na yeye haendi. Wino akavuka mtaa na kopo la rangi nyeusi.

"Mama Dawa, nikumalizie kivuli chako?"

"Wewe unaweza?"

"Naweza kama yeye."

"Basi maliza, mwanangu, maliza hata sasa hivi. Miezi mitatu napita chini ya ngazi ya watu na tumbo langu hili kama mwizi." Akamtazama vizuri. "Una nini? Mbona na wewe hukwenda sherehe?"

Wino akamwambia. Mama Dawa hakucheka, wala hakusema anaamini. Alitoka nje, akaangalia ngazi, akaangalia dirisha, akaangalia ngazi tena. "Panda," akasema. "Nakushikia."

Ngazi ile hubebwa na wanaume wawili. Siku hiyo ilibebwa na binti mmoja na hasira zake: duka la dawa, kinyozi, lango la shule, saluni. Herufi zote za Mkono zikasimama moja baada ya nyingine, kwa mkono ambao ulikuwa wake. Kisha ngazi ikarudishwa ilipokuwa, duka la dawa. Watu waliporudi jioni wakiimba, hakuna aliyeona tofauti. Bango unalopita chini yake kila siku hulisomi tena.

Jumapili asubuhi mama huenda sokoni, na mtaa mzima unajua hivyo. Wino akakaa kwenye kigoda chumbani kwake, mgongo kwa mama, uso kwa mlango.

"Nisuke kwanza, mama. Kesho nahama, nitasukwa na nani?"

Mama akalainika. Akaweka kikapu chini, akaketi kitandani nyuma ya binti, akaanza kugawa nywele. Dirisha lilikuwa ubavuni kwake. Alikuwa anasimulia jinsi alivyolia kwenye kipaza sauti ukumbini alipoinua uso kutafuta kitana kilichokuwa dirishani.

Juu ya bango la duka la dawa, mgongo ukutani, visigino kwenye kipandio cha mwisho, alisimama Mkono. Utepe wa jana ulikuwa bado kifuani. Shingo ilikuwa mbele, macho yametulia kama ya mtu aliye kwenye kiti chake cha kila siku. Alikuwa anamtafuta Wino, ambaye kwenye kigoda, chini ya ukingo wa pazia, hakuonekana, na badala yake akakutana na mama.

Mama alichelewa kumtambua. Uso ule ameuona miaka, lakini hakuwahi kuuona ukifanya kazi hii.

Chini, dirisha la duka likafunguliwa kwa kishindo. "Mwalimu, asubuhi njema. Unapaka nini?"

Mkono akageuza kichwa polepole. "Kivuli, Mama Dawa. Chako kimebaki."

"Kipi?"

"Cha bango."

"Bango lipo chini ya miguu yako, baba. Hebu liangalie."

Akaliangalia. Kivuli kilikuwa pale chini ya viatu vyake, cheusi, kikavu. Bingwa aliyeona kila kitu alikuwa amepanda mbele ya herufi zake mwenyewe bila kuziona, kwa sababu hakuja kuziangalia.

"Nani kagusa kazi yangu?" Sauti ikapanda, na madirisha mengine yakafunguliwa.

"Si mkono wako huo?"

Akainama, akachunguza, midomo ikicheza. Kusema si mkono wake hakuweza, mji mzima unaujua. "Ni wangu," akasema.

"Basi umemaliza. Na brashi yako ni kavu, naiona kutoka hapa. Shuka."

Kinyozi akatoka na kitambaa begani na mkasi mkononi. "Mwalimu, hata mimi kwangu umemaliza lini?" Kisha akafuata macho ya watu mpaka dirishani kwa Wino. Binti yake mwenyewe alijifunza brashi kwa Mkono kabla ya Wino, akaacha ghafla, akahamia kwa shangazi yake, hakusema kwa nini. Kinyozi akauweka mkasi chini kwa uangalifu, kama kitu ambacho hakutaka kuwa nacho mkononi wakati ule.

Wino alisimama, nusu ya nywele zimesukwa, nusu zimetimka, akaja dirishani. Mkono alipomwona akabadilisha sauti, ile ya karakana, laini. "Wino. Waambie. Bila mimi wewe ni nani? Nani atakufundisha?"

"Mabango yale nimeyamaliza mimi," Wino akasema. "Yote manne."

Mama alikuwa keshafika chini. Alikuwa na kitana mkononi na miguu mitupu, na wapo wanaoapa mpaka leo kwamba Mkono alibaki juu mpaka adhuhuri, akisihi ngazi irefuke imfikishe mbinguni. Mimi nasema alishuka mapema zaidi, kipandio baada ya kipandio, mama akiwa ameishika ngazi kwa chini na kuitikisa kila aliposimama. Hakuna aliyempiga. Walimzunguka tu, wale waliompigia makofi jana, na walitembea naye hivyohivyo mpaka kituo cha polisi, kinyozi akiwa mbele. Utepe aliuvua njiani. Hakuna aliyeuokota.

Mama alirudi juu baada ya muda mrefu. Akaketi tena kitandani, akachukua nywele pale alipoziachia. 

"Kesho huendi," akasema.

"Najua siendi."

"Mwanangu, mimi nilidhani..."

"Nilikwambia kwa mdomo wangu, mama. Uliendelea kusuka."

 Mama akafunga mafundo mawili, akayafumua, akaanza upya. Ng'ambo ya mtaa Mama Dawa alikuwa anaikata ngazi kwa msumeno, vipande vidogo, bila haraka, na kila kipande alikirusha njiani bila kuangalia kinaangukia wapi.

"Unanivuta," Wino akasema.

"Samahani."

"Vuta tu. Lakini lile pazia, leo hii liwe refu."