Kimo cha Kaunta

Kaunta ya kituo chetu cha polisi niliitengeneza mimi, kwa mikono hii hii, na kwa miaka mingi hakuna kazi niliyoringia kama ile. Mvule mtupu. Miguu sita, na usingeona msumari hata mmoja. Ukingoni, upande wa wananchi, nilichonga alama yangu, randa ndogo ya ukubwa wa kidole gumba, kwa sababu mtaani wananiita Randa na mimi napenda kujulikana. Kujisifu ni kubaya, lakini kazi nzuri ni kazi nzuri.

Kosa langu lilikuwa kwenye kipimo. Mkuu wa kituo wa wakati ule, baba mmoja mrefu kama nguzo ya umeme, alikuja karakana, akasimama wima, akaweka kiganja kifuani, chini kidogo ya shingo. "Hapa," akasema. "Mtu akija kwangu aangalie juu." Fundi yeyote anajua kwamba kiti humpima mkaaji na mlango humpima mpitaji. Mimi nikampima mwenye amri. Sentimita mia moja arobaini na mbili. Nikacheka naye, nikamsindikiza mpaka barabarani.

Kisha vita vikaja, na asubuhi moja watu wenye sare wakamtoa shemeji yangu kwenye kibanda chake cha kutengeneza redio, wakaondoka naye. Shemeji alikuwa mpole, mtu wa kuzungumza na nyaya kuliko na watu. Hajarudi mpaka leo.

Mkewe ni dada yangu, mkubwa wangu kwa miaka saba, aliyenilea mama alipofariki. Mungu alimpa kila kitu ila kimo. Amesimama wima, watoto wa darasa la nne wanamzidi. Alikwenda kituoni siku tatu mfululizo kuripoti. Siku tatu alisimama mbele ya kaunta yangu, akasema jina la mumewe, na kutoka juu sauti ikauliza, "Nani huyo anaongea huko chini?" Wakacheka. Hakuna aliyeinama, hakuna aliyeandika. Siku ya tatu akainua macho, na alichokiona mbele ya uso wake ni ile randa yangu ndogo.

Akaja moja kwa moja karakana. Hakupiga kelele. Alisema, "Nimeongea na mbao zako siku tatu," akageuka akaenda zake. Kwa miaka minne hakuniita mdogo wangu wala hakuniita kwa lolote. Tukikutana msibani alimsalimia mke wangu, akanipita kama anavyopita ukuta. Nami niliona ana haki, na iliniuma, tena sana.

Vita vikaisha, na mambo yakaanza kubadilika polepole. Polisi wakaitwa mmoja mmoja, wakahojiwa kwenye ukumbi wa shule mbele ya wananchi. Waliofanya maovu wakapelekwa mahakamani, waliobaki wakarudishwa chuoni kufundishwa upya. Tukaletewa mkuu mpya, mama wa makamo mwenye miwani, na kila Jumatatu alikaa na kamati ya wakazi kusikiliza malalamiko. Mimi niliona ni porojo. Tumeahidiwa mengi nchi hii. Mpaka aliponiita.

"Fundi, hii kaunta ni kazi yako?"

Nilitaka kusema siijui, lakini alama ilikuwa pale pale inanitazama. "Ni yangu, mkuu."

"Nimeisikia kwenye vikao vitatu. Ishushe. Nataka iwe meza, mtu akae, aone kinachoandikwa kumhusu."

"Kwa kimo gani?"

"Fundi ni wewe. Mtafute mtu mfupi kuliko wote mtaani. Ikimfaa yeye, itatufaa sisi sote."

Nyuma ya kaunta alikuwa koplo mmoja. Nilimjua. Wakati ule alikuwa askari mpya, na siku zile tatu alikuwepo. Alisema mwenyewe kule ukumbini kwamba hakucheka, lakini kalamu ilikuwa mkononi mwake na hakuandika. Watu walizomea, kisha wakakubali abaki, kwa sababu ndiye peke yake aliyesema bila kuulizwa. Sasa akanitazama, akatazama chini. Sote wawili tulikuwa tunamfikiria mtu yule yule.

Mkuu akaongeza jambo lililoninyima raha. Tume ya kutafuta waliopotea ilikuwa inakusanya majina kutoka vitabu vya vituo, na mwisho wa mwezi ingefunga orodha. Asiye na namba ya kitabu hayumo, na asiyekuwemo hakuna atakayemtafuta. Shemeji hakuwa na namba. Zilibaki siku tisa.

Nilikwenda kibandani kwa dada saa nne asubuhi. Ndiye anayetengeneza redio siku hizi. Alijifunza kwa kufungua na kuharibu, na sasa watu wanatoka mbali kumletea. Alikuwa ameinamia redio, moshi wa risasi ya kuunganishia nyaya unapanda, na hakuinua kichwa.

"Tumefunga."

"Saa nne hii, dada?"

"Kwako tumefunga."

Nilikuwa nimeandaa maneno njia nzima, na yote yakayeyuka. Nikasema tu yaliyobaki. "Nilikosea. Nilimpima mkubwa yule, sikumpima mtu atakayesimama mbele yake. Ningekupima wewe, wangekuona. Sasa wameniambia niikate, na kipimo wanachotaka ni chako. Na tume inafunga orodha. Shemeji hayumo."

Alizima chombo chake cha kuunganishia, akakiweka kwenye kigingi. Mteja mmoja akachungulia, akaona hali ya hewa, akaondoka.

"Pima," akasema. "Lakini kituoni siendi. Aliyeumwa na nyoka akiona jani hushtuka, na mimi nyoka wangu ana sare."

Nikampima amekaa, kutoka sakafuni mpaka kwenye kiwiko. Futi yangu ya kupimia ilikuwa inacheza mikononi mwangu.

"Usitetemeke," akasema. "Utakosea tena."

Sentimita hamsini na nane. Nilirudia mara tatu, na mara ya nne nikarudia kwa sababu tu nilikuwa nimepata ruhusa ya kuwa karibu naye.

Kazi ilichukua siku mbili. Niliikata miguu, nikapunguza upana, nikatengeneza na kiti cha kuendana nayo. Koplo alijaribu kukaa upande wake, magoti yakagonga chini ya ubao.

"Fundi, miguu yangu haiingii."

Mkuu akasema bila kuinua macho kwenye karatasi zake, "Itajifunza. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na wewe ni zamu yako."

Tulicheka, hata koplo. Ilipobaki ile alama yangu, nikachukua randa ya kweli niifute, kisha nikaona nisubiri. Haikuwa yangu peke yangu kuamua.

Siku zikapita. Watu walikuja, wakakaa, wakaeleza kuku walioibwa na mipaka iliyosogezwa, na wengi wakaeleza ya vita. Kila asubuhi nilijitafutia sababu ya kuwa pale, mara kupaka vanishi, mara kukaza bawaba. Mke wangu aliniuliza kwa nini nisiombe cheo kabisa. Dada hakutokea. Siku ya nane nikakata tamaa, nikawa nafagia maranda ambayo nilikuwa nimeshayafagia.

Siku ya tisa, ya mwisho, akaja. Alisimama mlangoni na mkoba wake ameubana kifuani. Nilimwona akiitafuta kaunta ya zamani kwa macho, juu kule ilikokuwa, halafu macho yakashuka. Alikwenda, akakaa. Nyayo zilifika sakafuni. Akaweka viwiko juu ya mvule, na vikatulia. Akaipapasa ile alama ukingoni.

Nikasema, "Nilitaka kuifuta."

"Iache. Watu wajue wa kumlaumu." Kisha akamgeukia koplo. "Wewe ulikuwepo."

Koplo alikuwa ameshafungua kitabu. "Nilikuwepo, mama. Nilikusikia kila neno. Nisamehe."

"Msamaha baadaye. Anza na hilo. Andika kwamba nilikuja siku tatu, na kwamba ulinisikia."

Koplo akaandika. Alikigeuza kitabu upande ili dada aweze kusoma, na magoti yake yakawa yanagonga kila anaposogea. Dada alifuata kwa kidole, mstari kwa mstari. Akataja jina la mumewe, umri, kazi, shati alilovaa, kovu la moto kidoleni. Mahali fulani akaweka kucha juu ya neno.

"Umeandika ametoweka. Moshi ndio hutoweka. Yeye alichukuliwa. Sahihisha."

Koplo akapiga mstari mmoja juu ya neno, akaandika juu yake, akaweka sahihi pembeni. Mkuu alikuwa amesimama mlangoni kwake akitazama.

Walipofika mwisho, koplo akasoma swali la mwisho. "Habari zikipatikana, nzuri au mbaya, na wewe hupo, aitwe nani? Ndugu wa karibu."

Dada akaweka kidole kwenye mstari ule. Watoto wake wako mbali, hilo nalijua. Nilikuwa pembeni, nimeinamia fagio, sithubutu hata kulisogeza. Nilijua anaweza kumtaja jirani. Anaweza kumtaja mke wangu. Angekuwa na haki.

"Andika fundi huyo," akasema. "Karakana yake iko nyuma ya shule. Anapatikana mchana kutwa, hana pa kwenda."

"Uhusiano?"

"Mdogo wangu."

Koplo akaandika. Nikageukia ukutani, nikafagia pale pale, na sikuwa naona ninachofagia.

Akapewa karatasi yenye namba ya kitabu. Aliisoma mara mbili, akaikunja, akaitia kwenye mkoba kando ya bisibisi ya shemeji ambayo dada hatembei bila kuwa nayo. Mkuu akaahidi kwamba orodha ingeondoka kituoni kabla ya saa kumi, na mimi mwenyewe nilikaa pale mpaka nikaiona ikiondoka. Lakini hiyo ilikuwa baadaye. Kwanza dada alisimama, akanifikia, akanipangusa vumbi la mbao begani kama alivyokuwa akinipangusa nikitoka shule.

"Meza yangu ya kazi ina mguu unaocheza, mwaka wa tatu huu," akasema. "Chukua futi yako twende."

Nikaichukua.